Soksi Zilipoanza Kutoboka Upande wa Ndani

Marahaba, marahaba, na nyie wa nyuma pia marahaba. Nimeambiwa mmechaguliwa kutunza vifaa vya timu zenu, na kwamba siku hizi mna mashine ya kufulia yenye kioo mbele, mnakaa mnaitazama jezi inavyozunguka. Vizuri. Mimi sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua jezi za mechi nzima, akazisokomeza humo kwa pamoja bila kuziangalia, kisha akaniambia anafanya kazi ya mpira. Huyo anafanya kazi ya nguo tu.

Nimefua jezi za Chokaa ya Pongwe zaidi ya miaka ishirini, yote chini ya kocha mmoja, Mwalimu Mhina. Mpira wenyewe sijawahi kuucheza. Niliwahi kuupiga mara moja tu ulipodondokea sufuria yangu ya maharage uani, na niliupiga kwa mwiko. Lakini niulizeni timu ile ilichezaje msimu wowote ule, nitawaeleza mpaka mchoke. Siku ya mechi nilikuwa na kazi ya kuhesabu taulo na kumtafuta aliyeondoka na chupa za maji, kwa hiyo uwanjani nilikuwa naona nusu nusu. Mpira wangu niliutazama Jumatatu, uani kwangu, kabla sijatia maji kwenye beseni.

Uwanja wetu, kwa msioujua, una udongo wa aina mbili. Upande wa barabara ni mwekundu, ule ukishaingia kwenye nguo hautaki kuhama. Upande wa pili, kwenye matanuri ya kuchomea chokaa, ni mweupe na unanata. Basi mchezaji akianguka, mimi najua kaangukia wapi. Akija kuniambia alikimbia uwanja mzima na bukta yake haina hata chembe nyeupe, namwangalia tu.

Aliyenifunza kufua ni Mzee Chande, dobi wa Ngamiani, Mungu amrehemu. Alikuwa mkali huyo. Tope, aliniambia, liache likauke kwanza, ulipukute, ulisugue kwa brashi, ndipo utie maji. Ukilitia maji bichi umelikaribisha ndani. Damu ni maji baridi na chumvi. Majani ni ndimu na sabuni ya mche. Na jambo moja alilirudia mpaka nikawa nalisikia usingizini: jezi mbichi haiendi uwanjani. Inachubua makwapa, inatia kifua, na inamwaibisha aliyefua. Mimi hiyo sababu ya tatu ndiyo iliyonikaa zaidi, na mtaona ilikonifikisha.

Wiki yangu ya kwanza nilichanganya soksi nyekundu na jezi nyeupe kwenye maji ya moto. Zikatoka za waridi. Hatukuwa na seti nyingine, vijana wakazivaa hivyo hivyo, na mechi nzima mashabiki wa upande wa pili walikuwa wakituuliza bibi harusi yuko wapi. Mwalimu Mhina hakunigombeza. Alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi, na watu wa hesabu wana tabia ya kukusubiri ugundue kosa mwenyewe.

Sasa niwaambie Chokaa ilivyokuwa ikicheza wakati huo. Ilikuwa butua. Beki anaupata, anaupeleka mbinguni, huko mbele anausubiri Bakari, mrefu mpaka tulikuwa tunamtania kwamba anakula akiwa amekaa ili chakula kisichoke njiani. Bakari anaruka, anapiga kichwa, au anaanguka na kuomba faulo. Mashabiki wanapiga kelele ya raha. Tulikuwa tunashinda, msinielewe vibaya.

Lakini Jumatatu mimi nilikuwa nashangaa. Jezi ya Bakari, namba tisa, imechafuka mgongo, mabega, mpaka ndani ya kola. Za mabeki zina tope la bukta kidogo. Za viungo, namba sita na namba nane, safi. Safi kabisa, zina mikunjo yangu ya pasi. Nilizinusa nikasema labda hawa hawakupangwa. Siku moja Mwalimu kaja kuchukua mipira, nikamuuliza, "Mwalimu, huyu namba sita wako juzi alikuwa uwanjani au alialikwa harusini?"

Akakasirika. "Bi Mwanaidi, wewe fua."

"Nafua nini sasa? Hakuna cha kufua."

Akaondoka bila kuaga. Jumatatu iliyofuata akarudi, akasimama mlangoni akipangusa miwani, akasema, "Hebu usizifue kwanza. Zitandaze."

Ndivyo mambo yalivyoanza. Tangu siku hiyo kila Jumatatu natandaza jezi kwenye mkeka, namba moja mpaka ya mwisho, bukta chini ya jezi, soksi chini ya bukta, kama watu waliolala. Mwalimu anapita taratibu, mikono nyuma, anasoma. Mara anainama kuangalia goti. Mara ananiuliza, "Hili jekundu la kwapani ni la nini?" Namwambia alirusha mpira akiwa ameanguka. Tukimaliza anakunywa kahawa yake, anaondoka, nami natia maji. Wachezaji walijua. Wapo waliojipaka tope kwa makusudi kabla ya kuvua, wajinga wale, tope la kujipaka linakaa juu juu kama siagi, linapukutika kwa kidole. Nilimwonyesha Mwalimu, akacheka mpaka akavua miwani.

Basi Bakari akaoa Kigombe, akahamia huko kwa wakwe, na mpira akaacha. Tukabaki na vijana wafupi. Wafupi kweli, kona ikipigwa utadhani wametumwa dukani. Mabeki wakaendelea kubutua, mpira unapanda, unashuka, chini yake hakuna mtu wa kwetu. Mwalimu akaziangalia jezi za Jumatatu tatu mfululizo, namba tisa mpya safi, viungo safi, golikipa peke yake ndiye anatisha. Siku hiyo kahawa hakuimaliza. Akasema, "Mpira unapita juu ya watu sita ninaowalisha maji na machungwa. Tutaushusha chini."

Kuushusha chini, wanangu, si maneno. Miezi ya kwanza tulifungwa mpaka nikaona haya kwenda sokoni. Golikipa anampa beki, beki anamrudishia, golikipa anababaika, goli. Vijana wa Kigombe walitutia matano, na Bakari mwenyewe alikuwa pembeni amekaa na mkewe, anatuonea huruma. Mashabiki wetu walikuwa na wimbo mmoja tu: "Butua!" Mzee Hatibu, mwenyekiti wa kamati, muuza mbao, alikuwa anasimama nyuma ya benchi anasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Mwalimu, goli la kufunga liko kule. Mbona hawa wanacheza kwetu?"

Mwalimu anasubiri Jumatatu.

Jumatatu moja nikaanza kuona soksi. Zamani soksi zilikuwa zinatoboka kwenye kidole gumba na kisigino, mahali pa mtu anayebutua na kukimbia. Sasa zikaanza kutoboka upande wa ndani, hapa, karibu na kifundo. Si za mmoja, za wengi. Nikakasirika maana mwenye kuzishona ni mimi. Mwalimu alipofika nikamrushia moja.

"Angalia vijana wako wanavyonifanyia. Nyuzi zimeniishia."

Akaitia mkono ndani, akatoa kidole kwenye tundu. "Zote zimetoboka hapa?"

"Zote. Na ya golikipa."

"Na ya golikipa?" Akakaa kitako juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa. "Bi Mwanaidi, hapo ndipo mtu anapopigia pasi fupi. Wameanza kunielewa."

Nilimwona amefurahi kuliko siku yoyote tuliyoshinda. Nami, sijui kwa nini, nikaenda kununua nyuzi nikiwa natabasamu peke yangu barabarani. Kuanzia hapo nikawa naziangalia soksi kwanza, jezi baadaye. Nanyi fanyeni hivyo. Jezi inaonyesha mchezaji alianguka wapi. Soksi inaonyesha alifanya nini alipokuwa amesimama.

Ila soksi hazina pointi. Msimu ule tulikuwa tumeanza kucheza vizuri wakati wengine wameshakusanya zao, na ikafika mwisho, zimebaki mechi mbili, zote nyumbani, tuko mkiani. Kamati ikakaa. Mzee Hatibu akamwambia Mwalimu mbele yetu sote: timu ikishuka daraja, aondoke, na watamleta mtu wa kurudisha mpira wa Chokaa, yaani butua. Mwalimu akasema sawa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida lakini nilimwona anapangusa miwani iliyokwisha kuwa safi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na nawaomba msicheke mapema.

Mechi ya kwanza kati ya hizo mbili Mwalimu hakuwepo. Alifiwa na kaka yake Lushoto, akaenda kuzika, timu akamwachia msaidizi wake Sufiani. Sufiani ni mtu mwema sana, ana kasoro moja, kwake kila mtu kacheza vizuri. Unaweza kulala katikati ya uwanja, ukimuuliza Sufiani atakwambia ulilala vizuri. Kwa hiyo Mwalimu alishaniambia kabla hajapanda basi, "Nitazisoma Jumatatu."

Siku moja kabla ya mechi mimi nilikuwa Kigombe kwenye shughuli ya mpwa wangu. Jezi nimezianika, nikasema jua lipo, nitazianua nikirudi. Nikanogewa na shughuli. Na ilikuwa masika, wanangu, masika ya Tanga mnaijua. Nimerudi asubuhi ya mechi, jirani amenianulia zote isipokuwa seti moja, jezi, bukta na soksi, iliyokuwa mwisho wa kamba nyuma ya choo, hakuiona. Namba nane. Inachuruzika.

Namba nane ni ya Salehe. Na Salehe ndiye aliyekuwa roho ya ule mpira mpya. Soksi zake zilikuwa zinatoboka kabla ya za wenzake. Nikamkumbuka Mzee Chande: jezi mbichi haiendi uwanjani. Nikamvalisha Salehe namba kumi na nne, jezi, bukta na soksi za Jumbe, kijana wa akiba. Jumbe nikamwambia akae benchi na suruali yake na koti, ndani ya koti hana kitu, maskini ya Mungu, akatetemeka dakika tisini. Sufiani hakuuliza. Tukatoka sare, na Salehe siku hiyo alicheza mpaka watu wa butua wakanyamaza.

Jumatatu nikatandaza mkeka. Nikafika namba nane. Ilikuwa imeshakauka, safi, imenyooka. Wallahi nilikusudia kuiacha nafasi wazi nimweleze Mwalimu. Lakini nikajiona namwambia kwamba mimi, mwanafunzi wa Mzee Chande, nimeacha jezi ikanyeshewa kwa sababu nilikuwa nacheza ngoma Kigombe. Aibu ikanishika. Nikaitandaza mahali pake pasiwe na pengo.

Mwalimu akapita. Nane, safi. Akasimama hapo muda mrefu. Kumi na nne, tope jekundu, tope jeupe, majani, jasho. Akasema kidogo tu, "Kumbe." Kahawa akainywa yote. Nami nikanyamaza. Nilidhani atamuuliza Sufiani, na Sufiani atamweleza. Akamuuliza kweli, Sufiani akasema wote wamecheza vizuri.

Siku ya mazoezi nikamwona Mwalimu amemshika Jumbe begani. "Nimeiona kazi yako juzi, kijana." Jumbe, ambaye kazi yake juzi ilikuwa kutetemeka, akafikiri kidogo, akasema, "Asante, Mwalimu." Simlaumu. Hajawahi kusifiwa maishani.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Jumbe anaanza. Salehe benchi. Salehe hakumwendea Mwalimu. Kwetu Mwalimu akishapanga amepanga. Alikuja kwangu. Akakaa kwenye ile ndoo, akaniuliza taratibu, "Shangazi, jezi yangu ilikuwa na nini?"

Nikamwambia, "Haikuwa na kitu." Maneno ya kweli kabisa, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Akanishukuru akaondoka.

Mechi ya mwisho ilikuwa na timu ya kutoka Muheza. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu: sare tunabaki, tukifungwa tunashuka, na Mwalimu anaondoka na pasi zake fupi. Mvua inanyesha. Jumbe katikati hajui aende wapi, anaukimbia mpira, mabeki wakitafuta mtu wa kumpa hawamwoni. Wakaanza kubutua. Mwalimu anawaita kwa majina, hawasikii. Mashabiki wakafurahi. Mzee Hatibu nyuma ya benchi akawa anapiga makofi, na wakati anapiga makofi tukafungwa moja.

Mapumziko tunaingia darasani, shule iko jirani na uwanja. Mimi kazi yangu humo ni taulo na maji. Miaka yote sijawahi kufungua mdomo Mwalimu akizungumza. Alikuwa ameshika chaki anaelekea ubaoni. Nikaweka ndoo chini.

"Mwalimu, kumi na nne ya juzi alivaa Salehe."

Akageuka.

"Nane ililoa. Niliiacha nje nikaenda shughulini. Nikaitandaza safi ili usijue. Salehe ndiye aliyecheza, na Jumbe alikuwa na koti." Nikaona niseme yote. "Na ndani ya koti hakuwa na kitu."

Jumbe akainamisha kichwa. "Kweli, Mwalimu. Nilikuwa na baridi."

Mwalimu alinitazama. Si kwa hasira, ingekuwa afadhali. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akisoma kitabu miaka mingi, leo amekuta ukurasa umebandikwa. Akasema tu, "Salehe, vua koti." Niliokota ndoo yangu nikatoka.

Kipindi cha pili sikukaa benchi, niliona haya. Nikaenda kusimama peke yangu upande wa matanuri. Kutoka kule nikaona Salehe anausimamisha mpira, anainua kidole, anawaambia tulieni. Pasi. Pasi nyingine. Ukarudi mpaka kwa golikipa, mashabiki wakazomea, ukatoka tena upande wa pili. Niliuona mpira ule ule niliokuwa nausoma kwenye soksi, sasa una miguu. Nilimsikia Mzee Hatibu akipiga kelele wabutue. Muda unakwisha.

Zimebaki dakika chache mpira ukatoka nje upande wangu, ukaangukia kwenye mtaro wa chokaa. Watu wa Muheza wanauangalia, hawana haraka, sisi ndio tulikuwa na haraka. Aliye karibu ni mimi. Wanangu, niliruka. Mwanamke wa umri wangu, kanga mbili, niliruka kwenye mtaro ule nikatua kwa magoti, nikaukumbatia mpira, nikamrushia Salehe. Akaurusha haraka kwa winga, winga akamrudishia, Salehe akausukuma kwa upande wa ndani wa mguu, taratibu kabisa, kwenye kona ya goli. Moja moja. Ndivyo ilivyokwisha.

Watu walikimbilia uwanjani. Mimi nilikuwa bado natafuta kiatu mtaroni. Mwalimu alibebwa, na mmoja wa waliombeba ni Mzee Hatibu, ambaye mpaka leo anasimulia kwamba yeye mpira wa chini aliupenda tangu zamani. Kwangu Mwalimu hakuja. Nikakusanya jezi nikaenda nyumbani, nikijua kazi imekwisha. Mtu anayemtandazia mwenzake madoa ya uongo, nani atausoma tena mkeka wake?

Hata hivyo Jumatatu niliutandaza. Nilijiambia akija akute kila kitu mahali pake, na kumi na nne ya Jumbe iwe na tope la kipindi kimoja, nane ya Salehe iwe na la kipindi kimoja, hakuna kilichoguswa. Mwisho kabisa, baada ya namba ya mwisho, nikaitandaza kanga yangu, ilivyo. Sikuwa na maneno ya kumwomba radhi, nikaona nimwachie kitu cha kusoma.

Alikuja saa ile ile. Hakunisalimu, akapita, mikono nyuma. Akakagua soksi zote, moja baada ya moja. Alipofika mwisho akasimama. Kanga ilikuwa nyeupe kwa chokaa kuanzia magotini mpaka kifuani, imechanika pindo. Akachuchumaa. Akagusa lile tope la magotini kwa kidole aone kama linapukutika. Halikupukutika.

"Hii ya namba ngapi?"

"Haina namba, Mwalimu. Ya kwangu."

Akainuka, akapangusa miwani, akakaa kwenye ndoo yake kusubiri kahawa.

"Huyu," akasema, "msimu ujao haachwi."

Nikaenda kuteka maji.